Ujumbe Ndani ya Kasha la Tarumbeta

Kila siku ya shule, saa kumi kasoro dakika kumi, Corinne Hruska aliingia jikoni kwao kwa mlango wa nyuma, akasukuma kasha la tarumbeta yake chini ya meza, akachukua andazi moja lenye jamu katikati, kisha akaketi kando ya simu. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Mpaka mama yake aliporudi kazini saa kumi na moja na nusu, kila aliyemtafuta fundi umeme katika mji mdogo wa Kovar, jimbo la Nebraska, alipokewa na msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo uliojaa andazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Aliandika jina, saa na shida ya mtu kwenye kijitabu chenye karatasi za manjano. "Bwana Zelenka, saa kumi na robo, taa ya zizi inawaka na kuzimika." Baba yake, Leland, alimwekea sharti moja tu: kila ujumbe uandikwe, na kila ujumbe umfikie. Hata ule wa mzee mmoja aliyepiga kila Jumanne kuuliza kama bei ya umeme imeshuka.

Namba ya simu hiyo ilikuwa ya babu yake, Emil, aliyekuwa fundi kabla ya Baba. Babu Emil alikuwa na mtindo wake. Kila alipomaliza kazi katika nyumba, alibandika stika ndogo ndani ya mlango wa sanduku la swichi, ikiwa na jina Hruska na namba ya simu. Baba aliuendeleza mtindo huo. Baada ya miaka hamsini, karibu kila nyumba ya Kovar ilikuwa na stika yake, na umeme ulipokatika watu hawakuhangaika kutafuta fundi. Walifungua sanduku, wakamulika kwa tochi, wakasoma namba.

Ubaya ni kwamba stika zilifanya kazi kupita kiasi. Baba alitoka alfajiri na kurudi chakula kimepoa. Onyesho la muziki la shule lilipofanyika majira ya kuchipua, Mama alimwekea kiti kwa kulaza koti lake juu yake. Corinne alipiga tarumbeta mpaka wimbo wa mwisho akilitazama koti lile. Baba aliomba radhi, naye akasema si kitu, lakini kilikuwa kitu.

Ndiyo maana alifurahi sana Bwana Prentiss alipokuja.

Bwana Prentiss alitoka kampuni ya mafundi umeme ambayo watu waliiita tu Magari ya Manjano, kwa sababu ya rangi ya magari yake. Alikuwa mtu mpole, na aliyasifu maandazi ya Mama mpaka akaongezewa mawili. Alieleza kwamba Baba angenunua haki ya kutumia jina la kampuni. Angepewa gari jipya la manjano, angefuata utaratibu wao, na kila mwezi angewapa sehemu ya mapato.

"Simu zote zitapokewa na ofisi yetu," alisema. "Wewe utafanya kazi, sisi tutapanga. Saa kumi na mbili jioni uko mezani na familia yako."

Corinne aliyasikia maneno hayo ya mwisho tu. Mama alisikia mengine, kwa sababu ili kupata ada ya kujiunga ingebidi nyumba yao iwekwe rehani benki. Mambo yakienda vibaya, nyumba ingeondoka.

Baba hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliwapigia simu wenzake waliojiunga, majina matatu aliyopewa na Bwana Prentiss, na wote waliisifu kampuni. Kisha akapekua nyaraka alizoachiwa, akakuta orodha ya watu waliojitoa. Kwa upande wao wa jimbo alikuwapo mmoja tu, Bi. Odette Kessler. Alimpigia mara mbili, hakupokea. Akamwachia ujumbe.

"Asiponijibu hadi Ijumaa, nitasaini," alimwambia Mama. "Siwezi kuendelea hivi. Nimechoka, June."

Jumatano, saa kumi na nusu, simu ililia.

"Hapo ni kwa Hruska? Mimi naitwa Odette Kessler. Baba yupo?"

"Yuko kazini, Bi. Kessler. Naweza kuandika ujumbe."

"Andika basi, mwanangu. Mwambie anipigie kabla ya Ijumaa. Kabla hajasaini, umesikia? Kuna jambo kuhusu namba ya simu, sikuambiwa mimi mpaka nilipoumia. Usisahau, tafadhali."

"Sitasahau," Corinne alisema, na kwa kweli hakusahau. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake.

Aliandika kila kitu. Kisha akaketi akiitazama karatasi. Aliona gari la manjano, meza ya chakula saa kumi na mbili, na kiti kisicho na koti. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika onyesho la Oktoba. Mikono yake iliichana karatasi ile kutoka kwenye kijitabu, ikaikunja mara nne, ikaitumbukiza ndani ya kasha la tarumbeta, chini ya kitambaa cha kufutia.

"Kuna simu leo?" Baba aliuliza aliporudi.

"Bwana Zelenka tu. Taa ya zizi tena."

Hakuwahi kumdanganya baba yake hivyo. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka kwa urahisi.

Kesho yake mazoezini hakupata hata noti moja sawasawa. Rafiki yake Winnie Dostal, mpiga ngoma, alimgeukia.

"We Corinne, leo umemeza kijiko? Tarumbeta inalia kama ndama aliyepotezana na mama yake."

"Niache bwana."

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Haya. Huyo asiye na kitu amshike ndama wake, tunakosea wote."

Alhamisi hiyohiyo Mama alirudi nyumbani mapema kushika simu, hivyo Baba alimpitia Corinne shuleni katika gari lake jeupe la zamani, lile ambalo mlango wake haufunguki mpaka upigwe teke. Walikwenda kwa Bi. Vavra, ajuza aliyeishi peke yake, kubadilisha swichi ya jikoni.

"Afadhali umekuja, Leland," Bi. Vavra alisema. "Naogopa hata kuwasha taa. Ikiguswa inalia chiriri."

Baba alifungua sanduku la swichi kwenye korido. Stika ya Babu Emil ilikuwa bado pale, imekuwa ya kahawia pembeni. Akazima swichi iliyoandikwa "jikoni", kisha akarudi na testa yake, kifaa kinacholia kikigusa umeme.

Alikuwa na desturi asiyoiacha hata akiwa na haraka. Kwanza aliigusisha testa kwenye soketi anayojua ina umeme, nayo ikalia. Kisha akaigusisha kwenye waya anaotaka kuushika. Kimya. Fundi mwingine angeingiza mkono hapohapo. Baba alirudi kwenye soketi ile ya kwanza, aliyoacha ikiwa na umeme, akapima tena.

Kimya.

Alisimama akiiangalia testa. Akaifungua, akatoa betri, akaweka nyingine kutoka mfukoni. Soketi ikalia. Akarudi kwenye waya wa swichi, na testa ikalia tena, kwa nguvu.

"Mtu alibadilisha maandishi kwenye sanduku," alisema polepole. "Hii swichi niliyozima siyo ya jikoni. Waya una umeme muda wote, na testa ilikufa palepale, katikati ya kupima."

"Mungu wangu," Bi. Vavra alisema, akaketi.

"Ningeiamini mara ya pili, Corinne, ungekuwa unanikusanya sakafuni."

Corinne aliuangalia waya ule mwekundu, mwembamba, usioonyesha chochote, na akajua kabisa kwamba yeye ndiye testa iliyokaa kimya.

Baba alimaliza kazi, akabandika stika mpya kando ya ile ya zamani. Bi. Vavra akamfungia Corinne keki kwenye karatasi. "Baba yake huyu alikuja hapa siku ya Krismasi, maji yamejaa chumba cha chini," alisema. "Niliisoma namba hiyohiyo."

Ndani ya gari, kabla Baba hajawasha injini, Corinne alifungua kasha la tarumbeta, akatoa karatasi ya manjano na kumpa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Alipiga jana. Bi. Kessler. Nilikuficha."

Baba alisoma. Alisoma tena.

"Kwa nini?"

"Nilitaka uje kwenye onyesho. Bwana Prentiss alisema utakuwa nyumbani saa kumi na mbili. Kile kiti, Baba. Mama alikiwekea koti."

Baba aliegemeza kichwa kwenye kiti. "Ulijua waya una umeme," alisema, "ukataka kuniacha niushike."

"Nisamehe."

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini umeniambia leo Alhamisi. Tukifika nyumbani utampigia wewe mwenyewe huyo mama, umwombe radhi, ndipo unipe mimi simu."

Corinne alipiga, akaeleza yote na kuomba radhi. Bi. Kessler alimsikiliza mpaka mwisho. "Umefanya jambo gumu, mwanangu," alimwambia. "Nipe baba." Baba aliweka simu kwenye spika ili na Mama asikie.

"Si watu wabaya hao," Bi. Kessler alisema. "Fundi mgeni mjini, asiyejulikana na mtu, wanamfaa sana. Lakini ukijiunga, namba yako ya simu inakuwa yao. Mimi nilipojitoa iliwabakia wao, na mkataba ukanizuia kufanya kazi hii katika eneo langu kwa miaka miwili. Wateja wote niliorithi kwa mama yangu, aliyekuwa fundi kabla yangu, wakawa wanampigia mtu mwingine. Wewe namba yako ina miaka mingapi?"

"Hamsini," Baba alisema.

"Basi jiulize unanunua nini."

Asubuhi ya Ijumaa Baba alimpigia Bwana Prentiss na kumuuliza jambo moja: je, angeweza kubaki na namba yake? Bwana Prentiss alikiri kwamba haiwezekani, na kwamba hayo yameandikwa katika mkataba, ukurasa ambao wengi huuruka. Baba alimshukuru, akamwambia hatasaini.

Akaweka simu chini, akamgeukia Mama. "Nyumba imepona. Lakini uchovu wangu uko palepale."

"Yule bwana alisema neno moja la kweli," Mama alijibu. "Kazi yako inataka mtu wa kuipanga. Mtu huyo si lazima awe wa manjano."

Mama alipunguza siku zake za kazi kwenye jiko la shule, akaishika kalenda ya Baba mkononi. Isipokuwa kwa jambo la hatari, hakuna aliyepangiwa fundi baada ya saa kumi na moja. Watu wa Kovar walinung'unika wiki moja, wakazoea. Corinne alibaki na zamu yake, na kijitabu chake hakikupungukiwa karatasi tena.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Alipoinua tarumbeta alimwona Baba kwenye safu ya tatu, amevaa viatu vya kazi, koti la Mama likiwa mapajani pake. Alipiga noti zake zote, na ile ya juu kabisa aliipiga kwa shukrani tupu.

Walipofika nyumbani Baba alimwita chini ya ngazi, akafungua sanduku lao la swichi. Ndani ya mlango, chini ya stika ya Babu Emil, karatasi ya manjano yenye mikunjo minne ilikuwa imebandikwa kwa utepe mweusi wa mafundi.

"Testa siilaumu," Baba alisema. "Yenyewe haijui kama imekufa. Mtu anajua. Ukijua jambo linaloweza kumuumiza mwenzako, mwambie, hata kama litakukosesha unachokitamani. Na ukiwa umechelewa, mwambie vilevile. Wewe ulichelewa siku moja. Ungechelewa mbili, hapa tungekuwa wapangaji wa benki."

"Asante kwa kunisamehe, Baba."

"Asante kwa kuniambia, binti yangu. Na siku nyingine ukitaka nije mahali, usingoje mtu wa magari ya manjano aniambie. Niambie wewe."

Juu jikoni simu ililia. Walimsikia Mama akipokea, akisikiliza, kisha akisema kwa upole kwamba fundi atafika Jumatatu asubuhi, kwa sababu leo yuko na binti yake.