Mkono wa Dobi Umelala

Dobi hakujua kukaa kitako. Asubuhi hiyo alipasuliwa bega. Alasiri akarudishwa nyumbani, na kabla chai yake haijapoa alikuwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi. Mkono wa kulia ulining'inia kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, mzito, hausikii chochote.

"Wewe umetoka kupasuliwa au umetoka harusini?" wifi yake aliuliza.

"Siumwi hata kidogo, wifi. Na mashati ya watu yananisubiri."

Kwa miaka ishirini Dobi alishika pasi kwa kushoto, akaipima joto kwa kidole cha kulia. Mazoea ni mabaya. Aliisogeza pasi kwenye kidole kilichochungulia kwenye kitambaa.

"Mbona haina moto?"

Wifi aliruka, akaivuta pasi. Kidole kilikuwa kimeanza kututumka lengelenge.

Ndipo Dobi alipoogopa kwelikweli. Ameungua, na mwenyewe hana habari!

"Wifi, mkono umekufa. Nitafanya kazi gani mimi?"

Wifi alikiweka kidole chini ya maji ya bomba kwa muda mrefu. Kisha akamwita jirani yao, muuguzi.

"Haujakufa, umelala," muuguzi alisema. "Kabla ya upasuaji ulichomwa sindano karibu na shingo?"

"Ndiyo."

"Ile ni ganzi. Imezilaza neva zinazopeleka habari za maumivu kutoka begani na mkononi. Kwa kawaida huisha baada ya saa kadhaa, pengine siku nzima. Mpaka hapo, kaa mbali na moto, na mkono usiutoe kwenye kitambaa. Vidonge ulivyopewa umemeza?"

"Vya nini, na mimi siumwi?"

"Usingoje uumwe, mama! Ganzi ikiisha, maumivu huja kwa kishindo. Vimeze kama ulivyoandikiwa, vitangulie. Ukiona unapumua kwa shida, au ganzi ikipita muda uliotajiwa, rudi hospitali upesi."

Dobi alimeza vidonge. Akachomoa pasi kwenye umeme kwa aibu, akaenda kulala.

Asubuhi vidole vilianza kumnyonyota. Alivikunja, vikakunjika. Bega nalo likaanza kuuma, lakini maumivu yenyewe yalikuwa ya kuvumilika. Alikaa kitandani akisikiliza mkono wake, machozi yakamtoka.

"Wifi! Wifi, naumwa!" aliita huku akicheka.

Wifi alikuja mbio, akamtazama, akaelewa. Akamwekea vidonge vya asubuhi kiganjani.

"Hongera, wifi. Haya, meza na hivi."