Alama za Mikono Ukutani

Kila asubuhi Dada Msaidizi hubisha hodi kwetu. Analipwa na serikali kuwahudumia wazee majumbani mwao. Humwogesha Bibi, humvalisha, humchemshia chai na kumletea habari za mtaa mzima, zikiwemo ambazo serikali haikumlipa azilete. Hapo ndipo Mama hupata nafasi ya kwenda kazini kiwandani.

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, nilikuta nyumba imepandwa na wazimu wa usafi. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa anakuja kuangalia kama Bibi bado anastahili kulipiwa msaidizi. Akionekana hastahili, Dada Msaidizi haji tena, na Mama itabidi aache kazi.

"Mgeni wa serikali asitukute kama tumetoka vitani," Mama alisema.

Kiti cha plastiki anachokalia Bibi akioga kikafichwa nyuma ya nyumba. Mkongojo ukasukumwa uvunguni. Mimi, kwa heshima kubwa niliyonayo katika ukoo huu, nikakabidhiwa ndoo, sabuni na ukuta wa korido.

Ukuta ulikuwa na alama za mikono, kutoka chumbani kwa Bibi hadi bafuni. Nilifuta nusu, kisha nikafungua uchunguzi rasmi. Mwizi? Mwizi gani hupapasa ukuta akienda kuoga? Nikaweka kiganja juu ya alama moja. Ilinibidi niiname kidogo. Nikatembea nikiweka kiganja juu ya kila alama. Zilikuwa zimekaribiana mno, hatua za mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilipofika bafuni, hamu ya kucheka ilikuwa imeniisha.

Nusu iliyobaki sikuifuta. Nilifungua mlango wa stoo ukaiziba. Wengine wangeuita uvivu.

Afisa alikuja na viatu vya raba na futi ya kupimia mfukoni. Bibi alikuwa ameketi sebuleni na gauni lake la kutokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

"Unaoga mwenyewe?"

"Sasa nani aniogeshe? Mimi bibi harusi?"

"Na kutembea?"

"Naweza kukimbizana na huyu mke mwenzangu," Bibi akasema akinionyesha kwa kidevu. "Na nikamshinda."

Afisa akacheka. "Hongera, Mama. Basi tunaweza kumpa msaidizi mzee mwingine." Akaanza kufunga mkoba.

Mama alimtazama Bibi, kisha mkoba wa afisa. Kumwumbua mama yake mbele ya mgeni hakuweza. Nikasimama.

"Bibi, naomba nikukosee adabu kidogo, kwa adabu zote."

Nikaenda koridoni, nikafunga mlango wa stoo. Alama zilizobaki zikaonekana zote.

"Hizi si zangu," nilimwambia afisa. "Mimi ni mrefu."

Bibi alinitazama kama nimemuuza sokoni. "Mke mwenza ni mke mwenza tu! Umekuja likizo kuniumbua?"

"Nimekuumbua kwa kukupenda, Bibi."

Afisa akanifuata, akaigusa alama moja ukutani. "Mama, umewahi kuanguka hapa?"

Bibi alizichezea nyuzi za gauni. "Hapo karibu na bafuni. Zaidi ya mara moja. Sikumwambia mtu. Niliowalea mimi, leo wanibebe?"

Mama akaenda kumshika mkono.

Afisa akarudi kuketi karibu na Bibi. "Mama, sikuja kutoa zawadi ya usafi. Fedha hizi zimetengwa kwa ajili ya nyumba ilivyo siku zote, si ilivyo siku ya mgeni. Ukinionyesha nguvu usizo nazo, nitapeleka msaada kwingine, nawe utaanguka na gauni lako zuri. Kuhitaji mtu si aibu. Ukweli ndio unaoniwezesha kukusaidia."

Dada Msaidizi hakuondolewa. Wiki iliyofuata fundi alitumwa kufunga bomba la kushikilia koridoni. Alitoa futi yake, akatazama ukuta, akairudisha mfukoni.

"Vipimo viko hapahapa," akasema, akalifunga bomba palepale kwenye alama.

Bibi akalishika, akatembea hadi bafuni na kurudi, shingo juu kama anakagua gwaride. Akasimama mbele yangu.

"Haya, mke mwenzangu. Sasa kalete ndoo umalizie ukuta wangu."