Kisanduku Nyuma ya Kabati

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, Shufaa alikuwa ameshafungua maabara ya kompyuta. Alikuwa kidato cha kwanza tu, lakini Madam Batuli, mwalimu wa kompyuta, alimkabidhi ufunguo kwa sababu katika klabu ya kompyuta hakuna aliyemfikia. Mwezi wa saba Iringa hauna huruma kwa baridi. Shufaa alipuliza vidole, akawasha kompyuta moja baada ya nyingine, akasubiri kila moja ipate anwani yake.

Jambo la anwani Madam Batuli alikuwa amewaeleza kwa chaki ubaoni. Nyaya za shule zilikuwa zile zile, lakini ndani yake alikuwa amegawa mitandao pepe mitano: wa ofisi, wa maktaba, wa zahanati, wa bweni na wa maabara, ili mwanafunzi aliye maabara asiweze kupenya hadi kwenye majalada ya ofisi. Seva moja tu, iliyokuwa chumbani kwake, iligawa anwani kwa mitandao yote mitano.

"Kompyuta ikiamka huuliza, 'Nani atanipa namba?' Nayo humwamini anayewahi kuijibu," alisema. "Kwa hiyo mtu asichomeke chombo chake popote bila kuniuliza. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madam!"

Shufaa alielewa kuliko wote. Hata hivyo, siku ya Alhamisi, kesho yake wakiwa na mashindano ya mtandaoni dhidi ya shule moja ya Mbeya, alileta ruta kuukuu, kisanduku cha kugawa mtandao na anwani, kutoka dukani kwa baba yake, akaichomeka kwenye tundu la nyuma ya kabati. Alitaka kishikwambi chake kipate mtandao, afanye mazoezi peke yake bila kuchangia kompyuta na wenzake. Jioni akaenda nyumbani, akaiacha pale pale.

Katika timu ya mashindano alikuwamo pia Esnath, msichana wa bweni kutoka Idodi, ambaye kabla ya Januari hakuwa amegusa kompyuta. "Esnath, kishike kipanya taratibu, kisikuume!" wasichana walimcheka, na mara nyingi aliyeanza ni Shufaa. Esnath aliandika kila neno la mwalimu katika daftari lake, na baada ya miezi sita alikuwa anamkaribia Shufaa. Jambo hilo lilimkera Shufaa kuliko alivyopenda kukiri.

Ijumaa, Madam Batuli alikuwa Mbeya akisimamia mashindano upande wa kule. Maabara iliachwa mikononi mwa Mwalimu Isaka wa nidhamu. Ilipofika saa nne, kompyuta zote ziliwaka, lakini hata moja haikufungua ukurasa wa mashindano. Ofisini mtandao ulikuwa mzima. Maktabani nako ulikuwa mzima.

Shufaa akatazama namba kwenye kioo. Anwani za maabara zilianza na kumi. Hii ilianza na mia moja tisini na mbili. Ruta yake ndiyo iliyokuwa ikiwahi kujibu. Angeweza kuichomoa mara moja, lakini kufika kabatini kulimlazimu apite mbele ya macho ya watu wote.

"Nani aliingia humu mara ya mwisho jana?" Mwalimu Isaka aliuliza.

"Mimi, mwalimu. Nilifagia," Esnath alijibu. "Lakini mwalimu, hizi namba si zetu. Madam alisema za maabara zinaanza na…"

"Nimekuuliza habari za namba?" Akamgeukia Shufaa. "Wewe ndiye kiongozi wa klabu. Umeona nini?"

Shufaa alimnyooshea Esnath kidole. "Nilimwona akivutavuta nyaya."

Mbeya wakatangazwa washindi bila kutoka jasho. Mchana, maabara ilipobaki tupu, Shufaa aliichomoa ruta, akaifukia ndani ya mkoba. Kompyuta zikapona. "Mnaona?" Mwalimu Isaka aliwaambia wanafunzi. "Tumemtoa mharibifu, mashine zimepona zenyewe."

Esnath alifyeka majani kwa adhabu, naye akapewa jina: Katawaya. Bwalo zima lilimwita hivyo. Alipokaa na sahani yake ya makande, wenzake walihama meza. Jumatatu asubuhi alimfuata Shufaa nje ya lango, macho yamemvimba.

"Shufaa, uliniona wapi?"

"Niache."

"Niambie tu ni waya upi. Labda niligusa bila kujua."

Shufaa akaenda zake.

Siku hiyo hiyo Madam Batuli alirudi, akasoma kumbukumbu za swichi, kifaa kinachounganisha nyaya zote za mtandao wa shule. Ilionekana wazi: chombo kigeni kiliunganishwa nyuma ya kabati Alhamisi alasiri, kikaondolewa Ijumaa mchana. "Hakuna waya uliovutwa," alisema. "Kuna mtu alileta kitu chake."

"Basi kakileta huyo huyo," Mwalimu Isaka alisema. "Na kwa kuwa kwao hawana kitu kama hicho, amekiiba."

Madam aliomba wasubiri. Hakusikilizwa. Mzazi akaitwa.

Jumatano Mzee Aroni alifika akiwa na vumbi la Idodi hadi kwenye nyusi. "Kamwene," aliwasalimu walimu mmoja mmoja, kisha akamsalimu na Shufaa aliyeitwa kama shahidi. Aliposomewa makosa, alivua kofia, akapiga magoti sakafuni.

"Nisamehewe, walimu wangu. Mtoto hajazoea vitu vya mjini." Akainuka, akamgeukia binti yake. "Ulikitoa wapi hicho kitu?"

"Baba, sijui hata kikoje."

Kofi lilimpata shavuni. Esnath hakulia. Alitazama sakafu, na Shufaa akasubiri mtu aseme neno. Hakuna aliyesema. Hata yeye.

Esnath akafukuzwa shule. Sanduku la bati la Esnath lilipopita langoni juu ya kichwa cha baba yake, ndipo miguu ya Shufaa ilipomtii. Aliitoa ruta mkobani, akamkimbilia Madam Batuli nayo mkononi.

"Ni yangu, Madam. Sikumwona akigusa chochote."

Madam akachukua simu kumpigia Mzee Aroni. Ilikuwa imezimwa.

Kesho yake mkuu wa shule alifuta adhabu, na Shufaa akasema ukweli mstarini mbele ya shule nzima. Alinyang'anywa ufunguo na uongozi wa klabu. Mwalimu Isaka alisimama pembeni akitazama viatu vyake. Jumamosi Madam Batuli na baba yake Shufaa, mzee Muharami, wakampeleka Shufaa Idodi.

Walimkuta Esnath akipukuchua mahindi. Mzee Aroni alisikiliza hadi mwisho. "Daftari lake la kompyuta nililitia motoni," alisema polepole. "Nilimwambia halihitaji tena." Akamwita binti yake. "Mwanangu, nilikupiga mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

Hapo ndipo Esnath alipolia.

"Nisamehe," Shufaa alimwambia.

Esnath alijifuta machozi. "Jumatatu nitarudi shule. Ila wewe usinisalimie kwanza."

Njiani kurudi, Madam Batuli alizungumza na Shufaa.

"Kuchomeka ile ruta lilikuwa kosa la mtoto. Ningekukaripia, yangekwisha siku ile ile. Lakini ulimtupia kosa lako mtu uliyejua hana wa kumtetea, na huo ni ukatili. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajapigwa kwa ajili yako. Ukichelewa, utasema ukweli, na watu watakuamini, lakini kofi halirudi mkononi."

"Daftari lake, Madam," Shufaa alisema kwa sauti ndogo. "Naweza kumnakilia upya, tangu Januari?"

"Nakili. Tena uanze leo. Lakini usitegemee kwamba atakushukuru."