Dawa ya Maxwell na Safari ya Kisiwa cha Ndege

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Dolphine alichota maji ziwani na kuumwagia mchanga uliokuwa kati ya vyungu viwili katika kona ya nyumba yao, kisiwani Takawiri. Chungu kidogo kilikaa ndani ya kile kikubwa, na ndani yake, chini ya kitambaa chenye unyevu, kulikuwa na insulini ya mdogo wake, Maxwell. Nyumba yao haikuwa na friji. Lakini mchanga ukiloa vizuri, chungu kilibaki na ubaridi hata siku ambazo jua lilichoma mabati mpaka yakalia.

Maxwell alikuwa na ugonjwa wa kisukari tangu utotoni. Mama yao, Millicent, alimdunga sindano asubuhi na jioni, na kabla ya kumdunga alimtoboa kidole na kukitazama kipimo. Maxwell alizoea. Jambo moja tu lilikuwa limempa shida: sukari nguru. Zamani aliipenda mno, akaimega kwa siri mara kadhaa na kuugua. Kisha aliamua kuiacha, akaiacha kweli. Alijivunia jambo hilo kuliko hata ushindi wake wa mbio shuleni.

Jumamosi moja wakati wa likizo, dawa ilikuwa karibu kuisha. Mama alikuwa ameanika omena, dagaa wa ziwani, na mawingu yalikuwa yakimtisha, kwa hiyo akamtuma Dolphine aende hospitalini Mbita. Angesafiri na baba yake, Cephas, aliyekuwa na mashua ya injini ya kubebea abiria na wageni.

Mama alimkabidhi kikasha cha baridi na kumwagiza akimtazama usoni. "Barafu watakayokupa isitoke humu ndani, na kikasha kisikae juani. Dawa hii ndiyo uhai wa ndugu yako."

"Nimesikia, Mama," Dolphine alijibu.

Hospitalini alipewa kichupa kipya na pakiti za barafu za kukizungushia. Aliporudi gatini alikuta meli ndogo ya kitalii imetia nanga. Ilikuwa imeleta walimu wastaafu kutoka Migori, nao walikuwa na nafasi hadi alasiri kutembelea mahali pamoja kabla ya meli kuondoka. Kiongozi wao, Mwalimu Mellen, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Kwao ni upande wa Kuria na hakujua Dholuo, lugha ya wenyeji, kwa hiyo Baba alimwomba Dolphine, aliyekuwa hodari wa Kiswahili, awaeleze wageni safari zilizopo huku yeye akienda kununua petroli.

Safari zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda Takawiri, kwenye ufuo wa mchanga mweupe na kivuli cha minazi. Ya pili ilikuwa kwenda Kisiwa cha Ndege, mbali zaidi, ambako kulikuwa na majabali na jua tupu. Dolphine alijua vizuri ni ipi iliyowafaa wazee. Alijua pia kwamba wakichagua Takawiri, angeshuka nyumbani mapema na dawa yake. Lakini alikuwa hajawahi kukanyaga Kisiwa cha Ndege. Wenzake darasani walikuwa wamefika huko na hawakuacha kumringia.

"Kisiwa cha Ndege ndiko kwenyewe, Mwalimu," alisema. "Mnandi na yangeyange wamejaa mitini mpaka matawi yanainama. Takawiri ni mchanga tu."

Mwalimu Mellen aliuliza kama ni mbali, na kama kulikuwa na kupanda, maana baadhi ya wenzake walikuwa na magoti mabovu.

"Ni hapo tu," Dolphine alijibu. "Hakuna shida."

Baba aliporudi, wageni walikuwa wameshachagua. Aliwatazama wazee wale, akauliza kama wana uhakika, nao wakasema wana uhakika. Akamgeukia Dolphine na kumuuliza kuhusu dawa. Dolphine alimwonyesha kikasha na kusema kwamba barafu ilikuwa imejaa, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Walipofika katikati ya maji, jua lilikuwa kali. Soda za wageni zilipata joto, na bibi mmoja akalalamika kwamba anakunywa chai bila kutaka. Dolphine alitaka kuwafurahisha. Alifungua kikasha, akazitoa zile pakiti za barafu na kuzitumbukiza katika ndoo ya soda. Wageni walimsifu, wakasema huyo ni mtoto aliyelelewa. Alifurahi sana hivi kwamba alikisahau kikasha pale nyuma, kando ya injini, kifuniko kikiwa wazi nusu.

Kisiwani mambo hayakuwa kama alivyoahidi. Ndege walikuwepo, tena wengi ajabu, wakipiga kelele na kuyapaka mawe rangi nyeupe kwa vinyesi vyao. Lakini majabali yalikuwa makali. Ni wageni wachache tu waliothubutu kuyapanda. Wengine walibaki ndani ya mashua, wamejitanda leso kichwani na jasho linawatiririka. Dolphine alipanda hadi juu. Alipotazama chini na kuwaona wale wazee, furaha yake ikapungua. Mwalimu Mellen, aliyebaki akimpepea mwenzake, aliinua macho akamtazama, kisha akaendelea kupepea.

Walirudi Mbita mbio mbio, na meli ilikuwa tayari inapiga honi. Ndipo Dolphine alipokikumbuka kikasha. Alikishika kichupa cha dawa. Kilikuwa na joto kama yai lililoepuliwa sasa hivi.

Njia nzima ya kurudi Takawiri alikipakata kikasha. Alikitazama kichupa na kuona dawa ni safi, haina uchafu wala haikubadilika rangi. Alijiambia kwamba ikikaa katika chungu usiku mmoja itapoa na kuwa kama zamani. Walipofika nyumbani, Mama aliuliza safari ilikuwaje.

"Salama, Mama," alijibu, akaiweka dawa katika chungu.

Kesho yake Mama alianza kuitumia. Kufikia Jumatatu, Maxwell alikuwa anakunywa maji kikombe baada ya kikombe na kwenda chooni kila wakati. Midomo yake ilikauka. Mama alipompima, sukari ilikuwa juu kuliko alivyowahi kuiona. Aliinua godoro, akakung'uta nguo, akatafuta hata ndani ya viatu. Hakupata kitu.

"Maxwell, umeirudia sukari nguru?" aliuliza.

"Sijaila, Mama."

"Kipimo hakijui kudanganya, nyathina, mwanangu. Mimi sindano nakupa kila siku."

Machozi yalimtoka Maxwell. Alimgeukia dada yake, aliyejua vyema jinsi alivyojitahidi, akingoja amtetee. Dolphine alitazama chini. Alitafuta maneno ya kuanzia. Kabla hajayapata, Maxwell aliinama na kutapika.

Mama hakungoja tena. Alimpigia simu Baba, aliyekuwa Mbita na mashua, kisha yeye na watoto wake wakaelekea zahanati ya kisiwani, Maxwell akiegemea bega la mama yake. Muuguzi, Sista Beverlyne, alimlaza kitandani, akampima, akamsikiliza pumzi. Aliuliza kama kuna sindano aliyokosa. Mama alisema hakukosa hata moja. Aliuliza dawa iliwekwa wapi, na Mama akasema kwenye chungu chenye mchanga wa maji, kama siku zote. Kisha, kwa sauti ya kuchoka, Mama akaongeza kwamba huenda mtoto ameanza tena kuiba vitamu.

Maxwell aligeuza uso ukutani. Dolphine aliona mgongo wake mdogo ukitikisika kwa kilio kisicho na sauti. Hapo aliona afadhali achapwe mbele ya kisiwa kizima kuliko kuutazama mgongo ule.

"Hakula kitu," alisema. "Ni mimi. Dawa ilipata joto."

Akaeleza yote: ile barafu, zile soda, injini, jua, na jinsi alivyokirudisha kichupa chunguni bila kumwambia mtu. Sista Beverlyne hakupoteza wakati kwa kugomba. Alichukua kichupa cha insulini alichokihifadhi katika friji ya zahanati kwa ajili ya dharura, akampa Maxwell sindano na maji ya kunywa, na akaendelea kumpima mara kwa mara. Kile kichupa kilichopata joto alikibandika karatasi iliyoandikwa USITUMIE na kukiweka kando, akisema kitarudishwa hospitalini.

Mchana ulipokwisha, sukari ilikuwa inashuka. Maxwell aliacha kutapika, akauliza kama kuna mtu aliyewafungia mbuzi wao. Mama alicheka huku akijifuta macho. Akamshika mwanawe mkono na kumwomba msamaha kwa kutomwamini.

Sista Beverlyne alimwita Dolphine karibu na dirisha.

"Insulini si maziwa," alimwambia. "Maziwa yakiharibika utayanusa. Insulini ikiungua kwa joto inaweza kubaki safi machoni, kumbe nguvu zimekwisha, na ukiirudisha penye baridi nguvu hizo hazirudi. Kwa hiyo dawa ikipata joto, usikisie. Iweke kando, utuulize. Ungeniambia Jumamosi, Maxwell asingelala hapa. Na usingeniambia leo, tungeendelea kumlaumu yeye huku tukimdunga maji matupu."

Dolphine alimwendea Maxwell na kumwomba radhi. Maxwell alisema amemsamehe, ila yeye ndiye atakayewafungia mbuzi kwa likizo yote iliyobaki. Dolphine akakubali bila kunung'unika.

Jioni Dolphine alishuka ufuoni kumpokea Baba, aliyewasili na dawa mpya, kikasha kikiwa kimefunikwa kwa gunia lililoloa maji. Alikwisha kusikia yote kwa simu kutoka kwa Mama. Hakumpigia Dolphine kelele. Alimpa simu yake tu na kumwambia ampigie Mwalimu Mellen, kwa kuwa namba yake alikuwa nayo.

Dolphine alikiri kwa mwalimu kwamba alificha urefu wa safari, majabali na lile jua, kwa sababu yeye mwenyewe alitamani kwenda. Mwalimu Mellen akasema miguu yake bado inauma, lakini ameyapokea maneno hayo. Walikuwa na mpango wa kurudi. Akamtaka amweleze upya kuhusu Takawiri, mazuri na mabaya. Dolphine akamweleza: kivuli kipo, hakuna kupanda, safari ni fupi, ila choo kiko mbali na ufuo, na siku za upepo mashua huruka kidogo. Mwalimu alicheka, akasema kwamba sasa anaweza kuchagua, na kwamba watachagua Takawiri.

Dolphine alipomrudishia baba yake simu, Baba alimkalisha kwenye ukingo wa mashua.

"Nyara," alisema, neno la Dholuo la binti yangu, alilolitumia alipotaka asikilizwe, "uliwaficha wageni jua, ukatuficha sisi joto la dawa. Unaona ni makosa mawili, lakini ni kosa moja. Mtu akikutegemea achague njia, au akikutegemea apate dawa, anakukabidhi mwili wake. Mpe ukweli wote, hata ule usiokupendeza. Kukosea tunakosea sote. Lakini kosa likisemwa mapema, huwa bado linatibika."

Kisha akamshika mkono, wakapanda pamoja hadi zahanati kumchukua Maxwell waende nyumbani.