Mwito wa Saa Nane Mchana

Raimonda alisikia akiitwa kutoka jikoni. Akaitika, "Abee, dada!" akashuka ngazi pekupeku, lakini alipofika alimkuta dada yake Batistina amesimama kando ya sinki, kiganja kimeziba mdomo.

"Umeniita?"

Batistina alikishusha kiganja. "Nimekuita, ndiyo. Nimesahau nilichotaka. Rudi ukalale, mdogo wangu, jua hili si la kutembea."

Ilikuwa saa nane mchana, siku yake ya kwanza Alghero, mji wa kwao, baada ya miaka kumi na miwili. Ndani ya ukuta wa kale mji ulikuwa kimya kabisa. Madirisha ya mbao yamefungwa, paka wamelala chini ya magari, hata watalii wamekimbilia kivulini. Akiwa ngazini Raimonda alinusa harufu ya nguo inayoungua kwa pasi. Akadhani ni kwa jirani.

Dada hao wawili walikuwa wamegombania nyumba ile siku ya mazishi ya mama yao, tena mbele ya jeneza, na Batistina akamwambia mdogo wake asikanyage tena mlangoni pake. Raimonda akarudi Torino alikokuwa akihudumia wazee, akawaogesha mama za watu huku hana wa kwake. Kisha, Julai hiyo, simu ikalia. Batistina alikuwa analia, na alilia kwa Kikatalani cha nyumbani kwao, lugha ambayo Raimonda hakuwa ameisikia tangu aondoke. "Njoo tule sikukuu ya Mama Maria pamoja," alisema. "Tumebaki wawili tu." Raimonda aliomba likizo siku hiyohiyo. Alinunua chokoleti za kumpelekea mpwa wake, akazipakata melini usiku kucha zisije zikapondeka.

Jioni ile walitembea juu ya ukuta wa mji, bahari chini yao, Batistina amemshika mkono kama walivyokuwa utotoni. Nyuma yao alifuata Violanta, binti wa Batistina, mwenye miaka tisa. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa zote, na alimtazama mama yake mdogo kwa macho ya mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ana nini mtoto?" Raimonda aliuliza.

"Homa za mchana. Zimeanza kiangazi kilichopita. Zitapita."

Siku ya pili, saa nane, mwito ulitoka juu, kwenye paa wanakoanika nguo. "Raimonda!" Sauti ilikuwa ya Batistina. Akaitika, akapanda. Hakukuta mtu. Mashuka yalining'inia bila upepo, na moja lilikuwa limetuna katikati kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake, lakini chini yake hapakuwa na miguu. Raimonda alipolikaribia, aliliona likigeuka rangi, kutoka nyeupe kuwa ya kahawia, taratibu, kama mkate unaoiva, kutokea upande wa ndani.

Alishuka mbio. Batistina alikuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Dada, huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni mimi niliyekuita, kisha nikashuka kwa ngazi ya nyuma."

Nyumba ile haikuwa na ngazi ya nyuma. Raimonda alizaliwa humo, alijua kila jiwe lake. Lakini alichukua kisu, akaanza kumenya naye. Alikuwa amengoja miaka kumi na miwili kuitwa mdogo wangu, na hakutaka kuupoteza upendo huo kwa sababu ya ngazi.

Siku ya tatu alijifungia chumbani. Alikuwa kati ya usingizi na macho, kichwa chini ya mto, aliposikia pumzi kavu sikioni, na sauti ikamwita "Mundina," jina la kudekezwa ambalo mama yake peke yake ndiye aliyelitumia, na kabla akili haijaufikia ulimi alikuwa ameshaitika, abee, mama, na papo hapo joto likamwingia kwa sikio, likashuka kooni, likatanda kifuani, likamjaza hadi kwenye kucha kama maji ya moto yanavyojaza chupa, akataka kupiga kelele lakini mdomo wake ukacheka, kicheko cha mwanamke asiyemjua, na nje ya mlango, wazi kabisa, akamsikia dada yake akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Aliungua siku mbili. Batistina alimletea mchuzi wa samaki, akaweka sahani bila kumtazama. Siku ya pili aliingia Violanta na glasi ya maji. Mashavu yake yalikuwa na rangi, tena alikuwa anatafuna chokoleti.

"Mama mdogo, unaumwa sana?"

"Sana, mwanangu."

"Mimi sijaungua tena." Mtoto aliinamisha kichwa. "Mama alisema Mama wa Jua, yule anayeita mchana, atanihama ukiitika mara tatu. Lazima awe mtu wa damu. Nilitaka kukwambia usiitike."

Raimonda aliinuka kitandani. Alishika ukuta, akashuka ngazi moja moja. Mlangoni alimkuta Batistina amenyoosha mikono kuuziba mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Pepina."

"Kaa, Raimonda. Vumilia kidogo." Batistina alinong'ona. "Akishakuzoea hakuchomi sana. Wewe huna mtoto, huna mume. Wewe ni mtu mzima, utamweza."

Raimonda akageukia dirisha la jikoni, akalisukuma, na kwa nguvu zote zilizombakia akalipigia kelele jina la kizee wa ng'ambo ya uchochoro.

Bibi Pepina alikuja na chupa ya mafuta ya zeituni, glasi ya maji na ngano mkononi. Alikuwa na miaka themanini na tatu, na mji mzima ulimjua kwa kuondoa husuda. Alimtazama Raimonda machoni, kisha akamsukuma Batistina kwa kiwiko.

"Pisha, mwuza ndugu! Mbona hukuja kwangu mwaka jana? Ulimwonea haya nani?"

Alimpaka Raimonda mafuta kwenye paji la uso, akadondosha punje za ngano majini huku akinong'ona maneno aliyorithi kwa bibi yake. Maji yakaanza kuchemka pasipo moto. Koo la Raimonda likafunguka lenyewe, na sauti kavu ikatoka:

"Sikuiba. Nimepewa. Nimepewa na mwenye nyumba."

Violanta, aliyemfuata Raimonda chini, akaanza kulia.

"Atatoka," Bibi Pepina alisema, "lakini wewe uliyembeba ndiye wa kumwambia aende wapi. Ukimwambia arudi alikotoka, atamrudia huyu mtoto. Ukimtuma mbali, atang'ang'ania, na atakuchoma kuliko ulivyoungua mpaka sasa. Sema, mwanangu."

Batistina alianguka magotini. "Mdogo wangu. Nakuomba."

Raimonda alimtazama. Neno "rudi" lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, tamu, linangoja tu kutemwa. Akamtazama Violanta, vidole vyake bado vina chokoleti.

"Baharini," alisema. "Nenda baharini."

Ngozi ya mikono yake ikatoka malengelenge. Alipiga ukelele mmoja mrefu, madirisha yote ya nyumba yakafunguka kwa kishindo, na harufu ya nguo inayoungua ikapita uchochoroni ikiteremka kuelekea ukutani. Kisha wakasikia, mbali, bahari ikichachatika mara moja, kama chuma cha moto kilichotumbukizwa majini.

Jioni Raimonda alifunga begi lake, mikono imezungushiwa vitambaa. Batistina alisimama kizingitini.

"Nisamehe."

"Ungeniambia, dada," Raimonda alisema. "Ungeniambia ukweli kwenye simu, ningekuja vilevile. Ningemwitikia kwa hiari yangu, kwa ajili ya mtoto."

Batistina alifuta uso kwa aproni.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikumwita mtu mwingine."

Raimonda alipenyeza kiwiko kwenye mkanda wa begi, akalipandisha begani, akampita, akatoka.