Raba za Bibi Kungwi

Kila alfajiri Munira aliamshwa na harufu nzuri ya vitumbua. Bibi yake, Mwanakombo, alivipika uani kwao Gongo la Mboto, na Munira akavipeleka kwa wateja kabla ya kwenda shule. Siku hiyo aliamshwa na harufu ya kuungua.

Alitoka mbio. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kigoda, kichwa kimeinamia kikaango.

"Bibi!"

Bibi alishtuka, mkono ukagusa chuma cha moto. Munira alimmwagia maji huku akilia kwa hofu. Bibi ndiye aliyemlea, hakuwa na mwingine.

Kwenye zahanati, nesi Felicitas alimfunga jeraha, akampima na sukari.

"Bibi, sukari imepanda. Bado si kisukari, ila umekikaribia sana. Hufanyi mazoezi?"

"Nafanya, mwanangu! Nakimbia uani mpaka jasho linanitiririka."

"Wakati gani?"

"Watu wakishalala."

"Halafu unapata usingizi?"

"Wapi! Moyo unanidunda, nagaagaa kitandani mpaka adhana."

"Basi ndiyo maana unasinzia jikoni. Kwa nini usitembee jioni mapema?"

Bibi aliinamisha macho. "Mie kungwi, nimefunda maharusi wa mtaa mzima. Nitachekwa."

Munira alitamani ardhi immeze. Angeweza kunyamaza, kwani bibi asingemtaja.

"Alishachekwa," Munira alisema. "Alivaa raba ndani ya dera, nikamwita mwanariadha mbele ya wenzangu. Tangu hapo hajatoka tena kutembea. Nisamehe, bibi."

Bibi alimshika mkono.

"Wazee wengi wakifanya mazoezi makali karibu na kulala, usingizi hukimbia," nesi alieleza. "Na usipolala vizuri, sukari hupanda kirahisi."

Siku ile ile, baada ya alasiri, Munira alivaa raba zake, akamletea bibi za kwake. Walipofika kwenye kona, rafiki yake Yasmini aliangua kicheko.

"Mwanariadha huyo!"

"Tuko wawili," Munira alijibu, akamshika bibi mkono. Hakumwachia.

Waliendelea hivyo kila jioni. Wiki kadhaa baadaye, waliporudi zahanati, sukari ilikuwa imeanza kushuka, na bibi alikuwa analala fofofo.

"Mazoezi ni mazuri, ila yasiibe usingizi," nesi alisema.

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Nawe kumbuka, mama. Ukimcheka mzee mchana, atajificha kujitibu gizani, na huko hakuna wa kumwona akianguka."