Msumari wa Kilimani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wamboi alimsaidia mama yake kupanga mandazi kwenye ndoo, naye mama akaenda kuyatembeza mjini Kitale. Zamani hawakutembeza chochote. Walikuwa na hoteli ya chai juu ya kilima, na wateja walipanda wenyewe kunywa chai huku wakiutazama Mlima Elgon. Kisha shamba lenye kilima hicho likauzwa, mnunuzi akaleta tingatinga, na hoteli ikabomolewa.

Wamboi hakukubali. Ingawa mama alimkataza kukanyaga huko, alipanda jioni kuokota matofali ili wajenge upya. Kazi ilimkera. Tofali aliloling'oa lilivunjika mikononi, na yale mazima yalikuwa yameshikana kwa saruji. Kwa hasira alipiga teke ukuta ulioanguka. Mguu uliporudi chini, msumari ulipenya ndala na kumchoma unyayo.

Aliuchomoa, akafunga kitambaa, akarudi nyumbani.

"Mbona unachechemea?" mama aliuliza.

"Ndala inanibana tu."

Baada ya siku chache mguu ulivimba. Darasani, Mwalimu Khisa alimwita ubaoni, naye Wamboi akashindwa kusimama.

"Ni ndala, mwalimu," alisema.

Mwalimu akamgusa paji la uso. "Ndala gani inaleta homa?"

Wamboi akaangua kilio, akaeleza yote. Mwalimu alimpigia mama simu, wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi alikamua usaha, akasafisha kidonda na kumdunga sindano ya kuzuia pepopunda. "Mngekawia kidogo, tungekuwa na shida kubwa," alisema.

Nje, Wamboi hakuweza kumtazama mama.

"Nilikasirika, mama. Walibomoa, na wewe ukanyamaza."

"Nani alinyamaza? Si nilienda kwa huyo aliyenunua shamba! Amekubali tuchukue matofali. Namngoja mjomba wako Muigai aje kutoka Kanduyi, tukodi mkokoteni. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Mjomba alikuja, wakajenga kibanda kidogo kando ya barabara. Hapo mlima hauonekani, lakini wateja wapo. Siku ya kwanza ya kuuza chai, kidonda kikiwa kimepona, mama alimketisha Wamboi karibu naye.

"Kukasirika si kosa, mwanangu. Kosa ni kunificha. Ukiumia, niambie siku hiyo hiyo, hata kama ulienda mahali nilipokukataza. Nitakugombeza, ndiyo. Lakini kwanza nitakupeleka hospitali."